Uvimbe Wenye Jina la Jani

9 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, na naomba vumbi la kambini lisiwe limekumaliza. Kaka yako yupo, anasahihisha daftari za watoto wa watu na kugombana na redio. Mwanao niliyekuzalia anarefuka bila ruhusa. Sketi ya shule ya mwaka jana sasa inamfika magotini, na mwenyewe anasema ndiyo mtindo.

Kazini nimepata mwanafunzi mpya, mzee mstaafu wa benki. Kila akibadilisha gia vibaya analiomba gari msamaha. Wenzangu wameshambatiza: Samahani. Jana amepanda ukingo wa barabara na gurudumu moja, akaniambia, "Mwalimu, hapo nilikuwa najaribu tu." Nikamwambia, hata mimi nilikuwa najaribu kubaki hai.

Nina jambo dogo. Unakumbuka kile kivimbe nilichotolewa mwezi wa kumi, ziwa la kushoto? Daktari wa zahanati ya mtaani alisema ni kitu cha kawaida kwa wanawake. Akakitoa kama anayetoa kokwa kwenye tunda, akapiga nyuzi tatu, kesho yake nikarudi kazini. Sasa naona kama kinarudi. Si kitu. Ila mkanda wa gari unapita hapo hapo, na mwanafunzi akishika breki ya ghafla naziona nyota mchana.

Hebu niambie, wifi: ya marehemu mama yenu, ile ya ziwa, ilianzaje? Wewe ndiye uliyelala naye chumba kimoja miaka ile. Sisi tuliujua mwisho tu. Ilikuwa inakua haraka? Nikimuuliza kaka yako, ananijibu chai imepoa.

Wako, mwalimu wako wa kwanza wa gia.

4 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo, maana umenipita kwa miaka na kwa maneno. Barua yako imefika leo na dereva wa lori la mafuta. Huku bado simu ni ya kuangalia saa tu. Mimi mzima. Tunakata kilima kupitisha barabara, na greda langu limekula meno mawili wiki hii. Msimamizi bado anawaambia wageni, "Yule pale juu ni mwanamke, msishangae," kama vile mimi ni mnyama wa kuonyeshwa. Nikipita karibu yake nammwagia vumbi. Bahati mbaya tu, unajua.

Mbusu mwanangu. Mwambie sketi ina mpaka wake.

Kuhusu mama, sina la kukuambia. Ni mambo ya zamani.

Lakini hicho kivimbe kina ukubwa gani? Usiniandikie "si kitu". Ulinifundisha mwenyewe kwamba dereva akisema "si kitu", ashuke aangalie tairi. Shuka uangalie, unijibu.

Wifi yako wa matopeni.

27 Machi

Wifi wa faida (wa hasara ninao wengine),

Salamu. Kaka yako mzima kwa mwili. Mwanao ameshika nafasi ya tatu na ameanza kunisahihisha ninavyoongea. Samahani ameacha kuomba msamaha. Sasa analitukana gari polepole, na mimi naita hayo maendeleo.

Nimeshuka, nimeangalia tairi. Uvimbe umekuwa kama ngumi ya mwanaume. Ngozi imevutika inang'aa, mishipa imejichora juu yake kama barabara zenu kwenye ramani. Nilipokuandikia Februari ulikuwa kama limau. Sasa unajua.

Nilikwenda hospitali kubwa. Bingwa wa upasuaji ni mwanamke mfupi, anavaa raba za kukimbilia na anaongea kama anayewahi treni. Alichukua kipande kwa sindano nene, akanisubirisha siku tisa. Kisha akaniita, akafunga mlango, akaniambia unaitwa filodesi. Jina linatokana na jani, kwa lugha ya watu wa kale, kwa sababu ukiukata na kuuweka chini ya hadubini unaonekana kama majani yaliyokunjamana. Ni nadra. Katika miaka kumi na minne ya kazi yake, mimi ni wa sita.

Nikamwambia, "Basi nipe cheti."

Hakucheka, lakini raba zilitulia kidogo. Akanieleza kwamba upo wa aina tatu: mpole, wa katikati na mkali. Wangu ni mkali. Hiyo ndiyo kansa, wifi, tusizunguke mbuyu.

Lakini si ile ya mama, na hapa nataka usome polepole. Ya mama ilianzia kwenye vijia vya maziwa. Yangu imeanzia kwenye nyama inayovishikilia vijia hivyo. Dawa yake ni kisu. Unaondolewa uvimbe pamoja na nyama nzima kuuzunguka, upana wa kidole kila upande, usibaki hata uzi. Mimi sikujaliwa ziwa kubwa, kwa hiyo linaondoka lote. Dripu za kansa hazina nguvu ya maana kwa huu. Kwapani hakuguswi, maana ni mara chache sana kupita huko. Ukiamua kusafiri unapita kwenye damu, na kituo chake ni mapafu. Mapafu yangu yamepigwa picha. Ni safi.

Kilichonichoma ni kwamba aliniuliza kile cha kwanza kilisemaje maabara. Kilikuwa kimetolewa bila ukingo wowote, na mimi sikuwahi kupewa karatasi. Nikatoka pale moja kwa moja hadi zahanati. Nikamkuta yule daktari anakunywa soda.

"Kile ulichonitoa mwezi wa kumi, ulikipeleka maabara gani?"

"Mama, kile kilikuwa kitu cha kawaida tu."

"Sijauliza kilikuwa nini. Nauliza kiko wapi."

Wifi, nakuapia, macho yake yalikwenda kwenye ndoo ya taka kabla mdomo haujafunguka.

"Andika," nikamwambia. "Andika hapa kwamba ulikitupa. Bingwa wangu anataka historia yangu, na wewe umo ndani yake."

Akasema hawezi kuandika kitu kama hicho. Nikavuta kiti, nikakaa. Akasema ana wagonjwa. Nikasema hata mimi ni mgonjwa, tena wake. Waliokuwa nje wakaanza kuingiza vichwa mmoja mmoja. Baada ya dakika arobaini akaandika, akagonga muhuri. Nakala moja iko kwa bingwa, nyingine nimeipeleka kwa wanaompa leseni. Sikupiga kelele hata mara moja. Ungenionea fahari.

Napasuliwa tarehe 18 Aprili. Usije. Nakuandikia ujue, si uje.

Mwalimu.

11 Aprili

Mwalimu,

Salamu. Tumehamishwa kambi, kilomita themanini mbele, na lori la mafuta halijatupata. Barua yako sina. Niliyonayo ni ya kaka, imeletwa na fundi aliyetoka mjini.

Anasema una kansa. Anasema madaktari wamekataa kukupa dripu, na wewe umekubali bila kuuliza, umekaa unacheka na wanafunzi wako. Anasema amewaita mama zetu wadogo waje wakushauri urudi kwenu ukapumzike.

Hivi wewe una akili? Kansa isiyopewa dawa ni ya mtu aliyekatiwa tamaa! Nenda hospitali nyingine. Gombana nao. Wewe unagombana hadi na taa za barabarani, leo umepatwa na nini? Au ni kiburi tu, hutaki nywele zitoke? Nywele zinaota, mwalimu. Mtu haoti.

Sikuandikii kwa ubaya. Nimeandika hii nikiwa nimekaa juu ya tairi na kalamu inatoboa karatasi, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Wifi yako.

2 Mei

Wifi,

Salamu ya mkono mmoja, maana wa kushoto bado unanyanyuka hadi begani tu, kisha unagoma.

Barua yako ya tarehe 11 nilisomewa wodini na muuguzi. Alipofika kwenye "una akili" akanitazama, nikamwambia endelea, huyo ni wifi yangu, hiyo ndiyo salamu yake. Yangu ya Machi huenda umeshaipata. Kama hujaipata, itafute; majibu yote yamo. Hakuna aliyenikatia tamaa. Ugonjwa huu dawa yake ni kisu, na kisu nimekila.

Sasa nikusimulie habari za mama wadogo. Walikuja watatu, siku nne kabla ya upasuaji, wamevaa kama wanaokwenda msibani. Wakakaa sebuleni wanaongea chini chini. Kila nikipita, kimya. Mkubwa akanishika mkono: "Mwanangu, binti yako asibaki hajui cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi." Mwingine akawa anayapima mapazia kwa macho. Na kaka yako amekaa pembeni, anatazama sakafu, tayari amefiwa.

Nikachukua funguo. "Mama zangu, amkeni niwasindikize."

"Tumefika sasa hivi!"

"Ndiyo maana nataka mfike na nyumbani salama."

Nikawapakia kwenye gari la mafunzo, lile lenye herufi kubwa juu ya paa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Nikawapitisha njia ya kona saba ninayowapitishia wanaojiandaa na mtihani. Mdogo wao alikuwa anapiga yowe: "Mgonjwa huyu atatuua sisi wazima!" Kwenye kituo cha basi nikawafungulia milango kwa adabu zote. Nikawaambia, siku nikifa nitawatumia taarifa, lakini tarehe 18 nina miadi.

Upasuaji ulichukua saa mbili na nusu. Nilipozinduka kifua kilikuwa kizito upande na chepesi upande, kama gari lenye tairi moja bovu. Nililia, nisikudanganye. Nililia kama dakika kumi, kisha nikadai uji. Kaka yako alikaa kwenye korido siku tatu. Chupa za chai anazileta hadi mlangoni, anampa muuguzi, anarudi kwenye benchi. Nikamtumia karatasi: "Mwenye chai, ingia." Hakuingia.

Majibu ya maabara yametoka. Kingo tatu ni safi kabisa. Upande wa msuli wa kifua nafasi ni nyembamba, milimita mbili. Kwa hiyo nitapigwa mionzi, siku tano kwa wiki kwa wiki tano.

Nilimwambia bingwa, "Nieleze kama unavyomweleza daktari mwenzako. Nitaishi?"

Akavuta kiti. "Wengi wenye aina kali kama wewe wako hai miaka mitano baadaye. Si wote. Uvimbe ukirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka miwili, mitatu ya mwanzo. Ukirudi kovuni, nakata tena. Ukifika mapafuni, mambo yanakuwa mengine."

"Mengine yapi?"

"Magumu."

Nikamshukuru. Tangu Februari ndiye mtu wa kwanza kunipa neno zima badala ya nusu.

Sasa la mwisho, na hili nimelibeba miaka sita. Umeandika hadi kalamu ikatoboa karatasi, nami najua haikuwa kwa ajili yangu peke yangu. Unadhani mama alikufa akikusubiri. Unamlaumu kaka yako kwamba hakukuita, na unajilaumu kwamba ulifika kaburi limeshafunikwa. Mama ndiye aliyekataa. Ulikuwa na mtihani wa leseni ya mitambo wiki ile. Kaka yako alishaandika ujumbe, mama akamwambia, "Ukiutuma huo, wewe si mwanangu. Mwache akalipande dude lake." Hivyo hivyo, "dude lake". Akatuapiza sote wawili tusikuambie. Mimi leo nimekivunja kiapo. Kama atanisubiri huko aniseme, atanisubiri sana.

Mwalimu.

28 Mei

Wifi yangu,

Barua zako zote mbili zimefika siku moja, ya Machi na ya Mei. Nimezisoma nikiwa kwenye kiti cha greda, injini inaunguruma, ili watu wasinisikie.

Naanza na samahani, kama yule mzee wako.

Kuhusu mama. Uliniuliza nikasema ni mambo ya zamani. Si kweli. Nilikiona, mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anavaa, amelipa kabati uso, akageuka kabla sijatoka. Ziwa la kulia lilikuwa na kishimo, kama mtu amebonyeza unga uliokandwa kwa kidole gumba. Akaona nimeona. Akasema, "Si kitu." Mimi nikasema, "Sawa, mama." Miaka miwili mizima, yeye na mimi, si kitu, sawa mama. Kisha nikaenda zangu kujifunza mitambo. Ndiyo maana neno lako la Februari lilinipiga kama jiwe.

Kwa hiyo alijua ninajua, na bado akasema niachwe nilipande dude langu. Sijui nifanye nini na habari hiyo. Nimeiweka mahali, naiendea kidogo kidogo.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa ya wiki mbili. Akasema kipande hiki hakiwezi kusimama. Nikalipeleka greda katikati ya barabara yake mpya, nikalizima, nikashuka na funguo. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Kwa mwalimu wangu." Ruhusa ilipatikana kabla ya chakula cha mchana.

Uliniambia nisije. Nakuja. Na kaka ajiandae, nina maneno yake.

Wako wa hasara.

9 Septemba

Mwalimu,

Salamu kwenu wote. Nilipotoka kwenu Juni nilifika kambini salama, nikakuta greda langu limepewa kijana aliyelivunja kioo. Tumeshaelewana.

Ulivyoniamuru nimetekeleza. Kwenye zahanati ya mji wa jirani nilipimwa maziwa yote mawili. Safi. Daktari akasema nirudi kila mwaka kwa sababu ya mama, na nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Picha yako ya kifua ilikuwa Agosti. Nimepata barua ya mwanangu ya sketi na mitihani, nimepata ya kaka ya mvua, yako sijapata. Umenyamaza. Wewe hunyamazi hata kanisani. Andika hata mstari mmoja.

Wifi yako.

19 Novemba

Wifi,

Salamu nyingi, na nyingine za kulipia deni la miezi mitatu. Kaka yako mzima, mwanao mzima, Samahani amefaulu mtihani wa udereva mara ya nne na ameninunulia saa ya ukutani.

Nilinyamaza kwa sababu picha ya Agosti ilionyesha doa kwenye pafu la kulia. Milimita nne. Bingwa akasema huenda ni kovu la homa ya zamani, huenda ni lenyewe, na hakuna wa kujua hadi miezi mitatu ipite tuone kama linakua. Sikumwambia mtu. Mimi niliyekaa dakika arobaini nikidai karatasi, nikameza langu kama mama. Ukitaka kunisema, nakupa ruhusa.

Aliyenigundua ni kaka yako. Maneno uliyomwambia Juni pale uani sikuyasikia, na yeye hayasemi, ila tangu uondoke ananigeuzia uso anapolala, si mgongo. Mwezi wa tisa akaona bahasha ya hospitali chini ya vitambaa vya meza. Hakulia wala hakutazama sakafu. Alichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, akaandika maswali kumi na moja, na juzi akaingia nayo chumbani kwa bingwa, akakaa kiti cha mbele. Bingwa akamjibu moja baada ya jingine, naye anaweka alama ya vyema. La nane lilikuwa: "Mke wangu anaruhusiwa kukasirika kiasi gani?" Bingwa akasema, "Bila kikomo."

Doa halijakua, wifi. Milimita nne zile zile. Bingwa anaamini ni kovu la kale, lakini hataki kuapa, nami sitaki aape. Kifuani palipokatwa ni safi. Narudi baada ya miezi mitatu mingine, kisha sita, na hivyo hivyo kwa miaka. Hajasema nimepona. Nami sijasema naumwa. Mwenye shule alitaka kunihamishia ofisini nikapokee simu. Nikamwambia atafute mwenye masikio mawili yasiyo na kazi, mimi mikono yangu yote miwili inafika kwenye usukani. Nina wanafunzi saba.

Tulipotoka, bingwa akanikimbilia kwenye korido na raba zake. "Mwalimu, nina mgonjwa pale. Wa saba. Ana miaka ishirini na mitatu, na hataki kusaini fomu ya upasuaji."

Nikamkuta kwenye benchi, msichana mwembamba, amejifunga mtandio kifuani mara mbili kama mtu mwenye baridi. Mama yake amekaa pembeni, anatazama sakafu. Wifi, ile sakafu ningeifukua.

Nikajitambulisha. Akaniuliza bila salamu, "Wewe ulipewa muda gani?"

"Sikupewa. Wala sikuuomba."

"Mimi nimesoma kwenye simu kwamba..."

"Simu haijakatwa ziwa. Njoo."

Tukaingia chooni, nikafunga komeo, nikafungua vifungo. Hajawahi kuniona mtu pale zaidi ya madaktari na kaka yako. Kovu lenyewe ni mstari mrefu, unapinda mwishoni karibu na kwapa, na ngozi bado nyeusi pale mionzi ilipopita. Akalitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akaligusa, kama anayejaribu pasi kama ni ya moto.

"Linauma?"

"Baridi ikija. Na watu wakinionea huruma."

Akacheka kidogo, kisha akalia, nikamwacha alie. Alipomaliza akaosha uso bombani, akajifungua ule mtandio, akaukunja, akautia mkobani. Akaniuliza kama bingwa ana kalamu au inabidi aazime.

Ni mimi, mke wa kaka yako: ziwa moja, akili timamu, breki mbili.

Mwalimu.